Dola, serikali na nchi: jibu refu kwa swali la mpwa wangu

Mpwa wangu, ambaye ameanza mwaka wa kwanza wa sayansi ya siasa chuoni, alinipigia simu wiki iliyopita akiwa na swali moja: "Mjomba, hivi dola na serikali si kitu kile kile?" Mwalimu wao amewapa kazi ya kulinganisha siasa za Kenya na Tanzania, naye alikuwa amekwama kwenye aya ya kwanza kabisa, pale anapotakiwa kueleza maana ya maneno atakayoyatumia. Nilimjibu kwa kifupi. Baada ya kukata simu nikaona kwamba jibu langu halikutosha, na kwamba pale alipokwama yeye ndipo tunapokwama wengi, kwa kuwa maneno haya tunayasikia kila siku kwenye taarifa ya habari na kwenye mikutano ya hadhara bila kuyatenganisha.

Nianze na nchi, neno linaloonekana jepesi kuliko yote, kwa sababu hilo ndilo lililotuletea mabishano makubwa zaidi. Mwaka 2008 Waziri Mkuu Mizengo Pinda aliliambia Bunge kwamba Zanzibar si nchi, na kauli hiyo ikazua mjadala mkali pande zote mbili za Muungano. Miaka miwili baadaye Katiba ya Zanzibar ikafanyiwa marekebisho na kutamka wazi kwamba Zanzibar ni nchi. Hapo tuna katiba mbili, ile ya Muungano ya mwaka 1977 inayosema Tanzania ni nchi moja, na ile ya Zanzibar inayosema Zanzibar ni miongoni mwa nchi mbili zinazounda Muungano. Nani amekosea? Kwa maoni yangu, kosa kubwa liko katika kulibebesha neno moja maana mbili. Nchi kwa maana ya ardhi yenye watu wake, historia yake na mipaka yake inayofahamika, Zanzibar ni nchi, na sioni namna ya kulikataa hilo. Nchi kwa maana ya dola yenye mamlaka kamili mbele ya mataifa mengine, hapo dola ni Tanzania, kwa kuwa mambo ya nje na ulinzi ni mambo ya Muungano.

Tofauti hiyo wapenzi wa soka waliionja kwa uchungu. Machi 2017 Shirikisho la Soka Afrika liliipokea Zanzibar kuwa mwanachama wake wa 55, na furaha iliyokuwapo Unguja na Pemba haikuwa ndogo. Julai ya mwaka huo huo uanachama ukafutwa, kwa hoja kwamba shirikisho haliwezi kupokea vyama viwili kutoka nchi moja, na kwamba maana ya nchi inafuatwa kama inavyotambuliwa na Umoja wa Afrika na Umoja wa Mataifa. Miezi minne tu ilitosha kuwafundisha mashabiki somo ambalo wanafunzi hulisoma katika Mkataba wa Montevideo wa mwaka 1933: kwamba dola huhitaji watu wa kudumu, eneo linalojulikana, serikali, na uwezo wa kuhusiana na madola mengine. Zanzibar ina vitatu vya kwanza. Cha nne imekikabidhi kwa Muungano.

Dola, basi, ni nini hasa? Mwaka 1919, katika mhadhara alioutoa Munich, mwanazuoni wa Kijerumani Max Weber alieleza kwamba dola ni jumuiya inayodai, ndani ya eneo lake, haki ya kuwa peke yake katika matumizi halali ya nguvu. Nikiisoma tafsiri hiyo huona kwamba Kiswahili cha mitaani kiliifikia kwa njia yake chenyewe. Tunaposema "vyombo vya dola" hatumaanishi wizara ya kilimo wala shule ya msingi, tunamaanisha polisi, jeshi na idara za usalama. Jirani yako akikupiga kwa sababu ya mpaka wa shamba, ametenda kosa. Askari akitumia nguvu kumkamata jirani huyo kwa kufuata sheria, hajatenda kosa. Mahali ambapo madai hayo yamevunjika, dola hubaki kwenye ramani tu, kama ilivyokuwa Somalia baada ya Siad Barre kuondolewa Januari 1991, ambapo kiti cha Umoja wa Mataifa kilibaki na bendera ikabaki, lakini hapakuwa na mwenye mamlaka hayo Mogadishu.

Somalia inafaa pia kwa kueleza taifa, nalo sitakaa nalo sana. Taifa ni watu wanaojiona kuwa kitu kimoja, kwa lugha, kwa asili, kwa historia au kwa matarajio. Wasomali walikuwa na taifa kubwa kuliko dola yao, ndiyo maana nyota ya bendera yao ina ncha tano, zikiashiria maeneo matano wanamoishi, mengine yakiwa Ethiopia, Djibouti na Kenya. Tanganyika ilikuwa na hali iliyo kinyume: mwaka 1961 dola ilikuwapo, na taifa likabaki kazi ya kufanywa, kwa Kiswahili na kwa shule.

Sasa nifike kwenye swali la mpwa wangu lenyewe. Serikali ni watu na ofisi zinazoendesha shughuli za dola kwa wakati fulani. Serikali huja na kuondoka. Dola hubaki na madeni yake, mikataba yake na mipaka yake. Lakini kati ya hivyo viwili kuna kitu cha tatu ambacho nadhani ndicho muhimu zaidi katika kulinganisha, nacho ni mfumo wa utawala, yaani zile kanuni zinazoamua nani anaweza kushika madaraka, anayapataje, na yanaishia wapi. Nilipokuwa nikitafuta mfano wa kumpa, nikagundua kwamba historia ya Kenya na Tanzania imetupa mfano ambao mwalimu angeweza kuutunga mwenyewe asiupate vizuri hivyo.

Mwaka 1985 Mwalimu Nyerere aling'atuka, akaingia Ali Hassan Mwinyi. Serikali ilibadilika, mfumo ukabaki ule ule wa chama kimoja. Mwaka 1992 Tanzania ikaingia katika vyama vingi, rais akiwa yule yule na chama kile kile. Mfumo ulibadilika, serikali ikabaki. Kenya nako, Desemba 2002 chama cha KANU kiliondolewa kwa kura baada ya kutawala tangu mwaka 1963, na Mwai Kibaki akaapishwa, ila katiba iliyompa rais madaraka mapana ilibaki. Agosti 27, 2010, Kibaki akiwa bado Ikulu, ikazinduliwa katiba mpya iliyoleta kaunti 47, Seneti na Mahakama ya Juu. Anayefuatilia uchaguzi peke yake atasema mwaka mkubwa wa Kenya ulikuwa 2002. Mimi nasema ni 2010, na ningependa mpwa wangu alitetee hilo kwenye insha yake.

Matokeo ya tofauti za mifumo hiyo yanaonekana wazi. Waziri wa Kenya haruhusiwi kuwa mbunge, na waziri wa Tanzania lazima awe mbunge, ndiyo maana Rais wa Tanzania amepewa uwezo wa kuteua wabunge hadi 10. Kwetu mihimili ya Serikali na Bunge imeshikana mikono, kwa sababu Katiba yenyewe inamhesabu Rais kuwa sehemu moja ya Bunge. Tarehe 1 Septemba 2017 Mahakama ya Juu ya Kenya, chini ya Jaji Mkuu David Maraga, ilibatilisha matokeo ya uchaguzi wa rais. Hapa Tanzania Ibara ya 41(7) ya Katiba inasema kwamba mtu akishatangazwa na Tume ya Uchaguzi kuwa amechaguliwa kuwa Rais, hakuna mahakama itakayochunguza kuchaguliwa kwake. Nchi mbili jirani, zote zilizopata uhuru kutoka kwa Uingereza, zimetoa majibu yanayopingana kwa swali moja.

Hilo linanileta kwenye uhalali, neno ambalo Kiswahili kinalitumia kwa mambo mawili: kufuata sheria, na kukubaliwa na watu. Serikali inaweza kuwa na la kwanza ikakosa la pili. Zanzibar iliyaishi hayo baada ya uchaguzi wa 1995 na wa 2000, pale ambapo serikali iliyokuwapo kisheria ilikataliwa na sehemu kubwa ya wananchi, na Januari 2001 watu wakapoteza maisha katika maandamano ya kupinga matokeo. Muafaka wa 1999 na wa 2001, yaani makubaliano kati ya chama tawala CCM na chama cha upinzani CUF, haukuponya. Kilichobadilisha hali ni maridhiano ya 2009, na kura ya maoni ya Julai 31, 2010, ambapo asilimia 66.4 walikubali serikali ya umoja wa kitaifa. Ndiyo maana napenda kutumia neno kukubalika kwa maana hiyo ya pili, na uhalali kwa ile ya kwanza.

Juzi mpwa wangu alinitumia aya yake ya kwanza. Alikuwa ameandika kwamba lengo la chama cha siasa ni kushinda uchaguzi na kushika dola. Nikamwomba aandike "kuunda serikali". Akauliza kwa nini basi magazeti yote yanaandika "kushika dola". Nikamwambia kwamba wakati wa chama kushika hatamu, yaani enzi za chama kimoja hapa Tanzania, chama kilikuwa juu ya vyombo vyote kikatiba, na maneno hayo yalikuwa yanaeleza hali ilivyo. Katiba ilibadilishwa mwaka 1992, maneno hayakubadilishwa. Ameamua kuifuta ile aya na kuanza insha yake hapo.