Siku tuliyoshuka Soni na magunia kumi

Mwaka 2014 nilikuwa na shilingi milioni 17: tisa nilizoweka mwenyewe, nane mkopo wa SACCOS. Kwa miaka minne nilikuwa nikinunua viazi na kabichi Lukozi na Malindi, huko juu Lushoto, na kuziteremsha Mombo kwa magari ya kukodi. Kila nikimaliza kuuza na kulipa nauli naona nimemfanyia kazi mwenye gari. Nikataka langu.

Canter sikuitaka, ingawa inabeba tani tatu na nusu na wenzangu wengi ndiyo waliyokuwa nayo. Mzigo wangu unaanzia shambani, kwenye njia za udongo mwekundu ambazo masika hugeuka sabuni, na Canter nyingi huvuta nyuma tu. Nilishalala mara mbili ndani ya Canter iliyokwama huko, kabichi zinanyeshewa, asubuhi nakuta nusu ya faida imeoza. Nilitaka pikapu ya kuvuta mbele na nyuma, nyembamba ya kupita kwenye njia zetu, imara ya kubeba tani moja kila siku.

Dalali mmoja pale Lushoto mjini akanionyesha Toyota Hilux nyeupe, kebini moja, injini ya 5L, dizeli ya cc 2,986 isiyo na turbo. Ni injini nzuri ile, fundi yeyote anaifungua chini ya mti. Tairi zilikuwa mpya, bodi imetandikwa bati nene, na mkia umeinuka juu kama wa jogoo.

"Springi zimeongezwa, dada. Hii inabeba tani mbili na haisikii."

Bei milioni 16 na nusu. Jioni ile nikampigia simu mjomba, ndugu wa mama, aliyeendesha malori ya magogo ya Shume zaidi ya miaka ishirini. Nilimpigia anibariki tu. Moyoni nilishanunua, na mama nilishamwambia hata rangi.

Mjomba alikuja kesho yake. Boneti hakuifungua. Alilizunguka gari mara moja, akasimama nyuma akitazama ule mkia, kisha akamuuliza dalali, "Mzigo uko wapi?"

"Mzee wangu, tulipandishe Magamba uone linavyovuta."

"Kupanda si tatizo. Gari likishindwa kupanda linasimama. Mimi nataka kuliona likishuka."

Tukapakia viazi vyangu, magunia kumi ya kilo 100, si ya lumbesa, yote yamepita mzani. Tukakaa watatu kebini, mjomba kwenye usukani. Kutoka Lushoto hadi Mombo ni kilomita 33 hivi na unashuka karibu mita 1,000, nyingi zake baada ya kuipita Soni, ambako upande mmoja ni mwamba na upande wa pili ni korongo. Hadi Soni hapakuwa na neno. Tulipoanza zile kona za chini nikasikia harufu kama ya nguo inayoungua kwenye pasi. Mjomba hakusema kitu. Niliona mguu wake ukikanyaga breki, kisha ukikanyaga chini zaidi, kisha akarudisha gia ya pili, injini ikalia, akaliegesha gari mahali palipopanuka, pale wanawake wanapouzia matunda damu. Aliniambia niweke jiwe mbele ya tairi kabla hajatoa mguu.

Akachukua chupa ya maji ya kunywa, akadondosha matone machache kwenye rimu ya mbele. Yakachemka na kupotea kwa mlio. Akaenda nyuma, akaweka kiganja kizima kwenye rimu, akakiacha pale.

"Njoo ushike, mama."

Nikaweka kiganja alipotoa chake. Palikuwa na uvuguvugu tu, kama jiwe la asubuhi lililopata jua kidogo.

Akatandika gunia tupu, akaingia uvunguni, akaniita nami. Nikaingia na kitenge changu. Akanionyesha fimbo nyembamba ya chuma iliyotoka kwenye ekseli ya nyuma kupanda hadi kwenye vali ndogo juu ya chesisi. Mzigo ukiushusha mkia, fimbo inaisukuma vali, na breki za nyuma zinapata nguvu zaidi. Gari likiwa tupu, mkia uko juu, vali inazipunguzia nguvu ili tairi za nyuma zisikwame na kuteleza. "Huyu mkia haushuki tena," alisema. "Springi zimeukataza. Gari linadhani liko tupu siku zote." Gunia zangu kumi zilikuwa zinazuiwa karibu zote na tairi mbili za mbele.

Basi nikiwa bado nimelala pale, akakwangua kwa ufunguo rangi nyeusi ya chesisi, nyuma kidogo ya kebini. Chini yake palikuwa na mstari wa kuchomelea, mnene kama kovu. Hizo ndizo tani mbili alizozisifia dalali.

"Fimbo tunarekebisha leo hii. Lakini huu ni uti wa mgongo, na ulishavunjika."

Dalali aliapa kwamba hakujua. Huenda ni kweli. Nilirudi Lushoto kwa basi nikiwa nimeegemea dirisha, nalilia gari ambalo halikuwa langu.

Wiki tatu baadaye tukapata Korogwe Toyota Land Cruiser pikapu, HZJ75 ya mwaka 1994, injini ya 1HZ, silinda sita, cc 4,164. Mlango wa kushoto ulikuwa umebonyea, rangi imepauka, kingo za bodi zina kutu. Mjomba alianzia uvunguni. Springi ni zile za kiwandani, fimbo imenyooka na ina grisi mbichi, chesisi haijaguswa. Akanieleza jambo ambalo nimewaeleza wengi tangu siku ile: kwenye Cruiser hii uzito unabebwa na nyumba ya ekseli, shafti ya ndani kazi yake ni kuzungusha tu. Shafti ikikatika, tairi linabaki mahali pake. Kwenye Hilux ile shafti yenyewe ndiyo imelishika tairi.

Walitaka milioni 23, tukakubaliana 21. Mama aliuza mitamba yake miwili ya maziwa bila kuniambia, akaniletea milioni mbili na laki nne zimefungwa kwenye kanga. Iliyobaki, milioni moja na laki sita, tuliandikishana kwa mtendaji, laki nne kila mwezi.

Safari ya kwanza nilishika usukani mwenyewe. Gunia kumi, mjomba pembeni. Tulipoipita Soni alisema maneno matatu tu, "Gia ya pili." Injini ikaanza kunguruma kwa sauti nzito, gari likashuka taratibu, kona baada ya kona, na mguu wangu ukagusa breki mara chache mno.

Mombo, kabla makuli hawajagusa mzigo, nilichukua chupa nikadondosha maji kwenye rimu ya mbele. Yakatiririka hadi chini. Kisha nikalizunguka gari, nikaweka kiganja kwenye rimu zote nne, moja baada ya nyingine. Mjomba alishavuka barabara kuagiza chai.