Nilivyokataa ndugu wawili watenganishwe uwanjani Kigoma

Mei 2015 Warundi waliokimbia machafuko ya kwao walikuwa wamejazana kijijini Kagunga, mpakani kando ya Ziwa Tanganyika, kipindupindu kimeshaingia, na meli ya MV Liemba ikawa inawaleta Kigoma mjini kwa mamia. Walipumzishwa Uwanja wa Lake Tanganyika kabla ya mabasi ya kwenda kambi ya Nyarugusu. Mimi ni Muha, Kirundi nakisikia vizuri, basi nikajitolea kuongea na watoto walioshuka bila mkubwa.

Nikampata binti wa miaka kama tisa, kambeba mgongoni mvulana mdogo. Mwandikishaji akaniambia, "Dada, hawa si ndugu, majina hayafanani. Waandikwe mbalimbali." Nilichemka! Warundi wengi hawana jina la ukoo. Kila mtoto hupewa lake, hata la baba halifuati. Nikamwambia Mkataba wa Haki za Mtoto wa 1989, Ibara ya 22, unataka mtoto mkimbizi asaidiwe kuipata familia yake, sasa wewe unampunguzia hata hiyo aliyonayo? Sikutoka pale mezani mpaka wakaandikwa pamoja.

Kisha akaja mtu na kipaza sauti, nia yake njema kabisa, akatangaza kila kitu: majina, umri, kilima walikotoka (Warundi hutaja kwao kwa jina la kilima, kama sisi kijiji), hadi rangi ya sweta. Punde akatokea mwanamume anajiita mjomba, anayarudia yote yaleyale kama alivyoyasikia. Nikamuuliza, "Kaka, mama yao majirani walimwitaje?" Kimya. "Mdogo ana alama gani mwilini?" Akasema ana haraka, akapotea kwenye umati. Mpaka leo nikimkumbuka mwili unanisisimka.

Tangu hapo nikawa natoa majina na kilima tu. Kovu la uji wa moto begani, lililofichwa na sweta, nililificha na mimi. Binti nilimwambia asimwambie mtu. Karatasi zikaenda kwa Msalaba Mwekundu, wanaotafuta jamaa waliopotezana, na mimi nikamaliza hela kwenye vocha nikiulizia watu waliotangulia kambini.

Mama yao mdogo alipatikana Nyarugusu. Tulimhoji peke yake, watoto wako kwingine. Kabla sijamaliza swali akashika bega lake mwenyewe, akaeleza sufuria ilivyopinduka jikoni. Jina la utani la mama yao pia akalipatia.

Hata hivyo usikabidhi ukaondoka. Omba maafisa wa ustawi wa jamii warudi kuwaangalia, na wazungumze na mtoto bila mlezi kuwepo.