Sirinji ya MVA mikononi mwa mkunga

Bado kuna vituo ambako mama aliyeharibikiwa na mimba, mabaki yakiwa bado tumboni, huambiwa amngojee daktari, na mkunga aliyefunzwa MVA, yaani kunyonya mabaki kwa sirinji ya mkono, yuko zamu hapo hapo. Damu inavuja kwa kungojea cheo. Mwongozo wa WHO wa 2022 unawaruhusu wakunga, wauguzi na matabibu kufanya kazi hii mimba ikiwa chini ya wiki 14. Utafiti wa Uganda uliochapishwa 2015 ulilinganisha waliotibiwa kwa misoprostoli, vidonge vinavyokifanya kizazi kibane na kutoa mabaki: kwa wakunga kizazi kilisafika kwa asilimia 95.8, kwa madaktari 96.7. Ubishi wa nini tena?

Vidonge havina makuu: mikrogramu 600 za kumeza, au 400 chini ya ulimi, mara moja tu. Ila mwenye homa, uchafu unaonuka au damu ya kumwagika asipewe vidonge akaenda nyumbani. Huyo anataka antibiotiki na kusafishwa.

Sirinji ya ml 60 ijaribiwe kwanza. Funga vali, vuta mpini, subiri dakika mbili tatu, kisha fungua. Ukisikia hewa ikiingia kwa kishindo, mvuto umekaa. Kimya? Tazama ule mpira wa duara. Mara nyingi umekauka, na tone la silikoni linatosha. Mvuto ukikatika katikati ya kazi, ama sirinji imejaa, ama kanula, ule mrija unaoingia ndani, imechomoka mlangoni mwa kizazi, ama imeziba. Iliyoziba hutolewa nje ikazibuliwa. Kusukuma mpini kanula ikiwa bado ndani ni hatari kubwa: hewa inaweza kuingia kwenye mishipa ya damu na kuua.

Umemaliza ukiona povu la waridi lisilo na nyama, ukuta wa kizazi unakwaruza, kizazi kimeibana kanula. Hapo ndipo wengi huvua glovu mapema, foleni ikiwa ndefu. Chuja kilichotoka, kisuuze, kiache kielee kwenye bakuli la kioo lenye maji, mwanga ukitokea chini. Usipoona vinyweleo vyeupe vya kondo, mimba huenda imetunga nje ya kizazi. Huyu ndiye wa kukimbizwa kuchunguzwa, na kwake daktari anahitajika kweli.

Yai linaweza kupevuka tena ndani ya siku 8 hadi 10, kwa hiyo vipandikizi na sindano za uzazi wa mpango vikae chumba hicho hicho, si jengo la pili linalofungwa saa kumi.