Mwanangu alimwamkia tapeli shikamoo, kisha akampa WhatsApp yangu

Naandika haya kwa sababu nimechoka kuambiwa kwamba watoto wa siku hizi wamezaliwa na simu mkononi, kwa hiyo tuwaache, wanajua wenyewe. Binamu yangu wa Dar aliniambia hivyo. Jirani akaniambia hivyo. Kwenye kikao cha wazazi shuleni mwalimu mmoja akasimama akatueleza kuwa kuna Mmarekani, Marc Prensky, ambaye mwaka 2001 aliwaita watoto hawa wazawa wa dijitali, na sisi wazazi wao akatuita wahamiaji. Tukapiga makofi ukumbi mzima, na mimi nikiwemo. Leo nisingepiga.

Mimi ni mzawa wa Uru, mlimani Kilimanjaro. Nimezaliwa mfereji wa maji ukipita nyuma ya migomba yetu, na bado nilifundishwa. Siku gani maji ni yetu, nani anafungua, unaziba wapi na kwa udongo wa namna gani ili usimkaushie mwenye shamba la chini. Hakuna mzee aliyesema huyu kazaliwa mferejini, ataelewa tu. Maji hayakuwa mchezo, na mtu aliyefungua siku isiyo yake alijibu mbele ya wazee.

Sasa niseme yaliyonipata.

Nashona nguo hapa Moshi mjini, karibu na soko la Mbuyuni, huu ni mwaka wa kumi na tano. Simu ni nusu ya kibanda changu: wateja wananitumia picha za mishono, nawatumia picha ya kitenge, wanalipa humo humo. Mwanangu wa kwanza alizaliwa 2012. Hajawahi kuona nyumba isiyo na simu janja. Shule zilipofungwa kwa korona, Machi 2020, alikuwa darasa la pili, nikampa simu yangu asome. Zilipofunguliwa mwisho wa Juni, kusoma kulikuwa kumeisha siku nyingi na simu ndiyo iliyobaki. Bando la wiki likawa linaisha siku mbili, kwa sababu video moja ikiisha nyingine inaanza yenyewe bila mtu kuigusa. (Hiyo inazimwa kwenye mipangilio. Ilinichukua mwaka mzima kujua.)

Nikaanza vita ya kufunga. Kwanza niliweka ule mchoro wa kuunganisha nukta. Nikabadilisha mara nne, na kila nikibadilisha, jioni ile ile kijana ameshafungua. Nikaamini ananichungulia begani, nikawa nafungua simu nimegeukia ukuta. Wapi! Ikanichukua kama mwezi kugundua. Mimi ni fundi, vidole vyangu vina chaki kutwa nzima. Kila nikifungua simu naacha mstari mweupe kwenye kioo, kutoka nukta hadi nukta, umenyooka kama ninavyochora pindo. Mtoto alikuwa anaipeleka simu dirishani, anailaza kidogo kwenye mwanga, anasoma mstari wangu. Nikahamia alama ya kidole. Usiku mmoja nikashtuka usingizini nimeshikwa kidole gumba taratibu kabisa, kama daktari anayepima mapigo. Nikaificha kwenye kiroba cha vipande vya vitambaa. Mteja akapiga, kiroba kikaita.

Ushauri ukamiminika. Binamu: mnunulie kishikwambi chake, atatulia. Kishikwambi cha kawaida ni karibu ada ya muhula, na sikuona atatulizwaje na kioo kikubwa zaidi. Mama mmoja wa jumuiya: ivunje. Nivunje kibanda changu? Dada yangu wa Arusha akasema mpeleke Uru kwa bibi yake likizo nzima, huko kuna kukata majani ya ng'ombe tu. Nikampeleka. Bibi ana simu ya kitochi, kweli, lakini vijana wa jirani wana simu, na mtandao kule unashika kuliko hapa kwangu. TTCL, kampuni ya simu, walishapeleka intaneti mpaka kambi ya Horombo kwenye Mlima Kilimanjaro mwaka 2022, mita 3,720 juu ya bahari, watalii wanapiga video wakiwa njiani kwenda Kibo. Mtu akikwambia umkimbize mtoto mlimani ili asione intaneti, mwulize mlima gani.

Hayo yote yalikuwa mambo ya bando na usingizi. Kilichonifungua macho ni Desemba ya mwaka 2024, akiwa na miaka kumi na miwili.

Wanaoijua Moshi wanajua Desemba ilivyo. Watu wamerudi nyumbani, kila mtu anataka nguo ya Krismasi, na juu yake zinakuja sare za Januari. Nilikuwa na mzigo wa sare hadi chini ya meza. Kijana alikuwa nami kibandani, nikampa simu awajibu wateja: "Nguo iko tayari", "Njoo jioni". Kazi hiyo aliifanya vizuri, namsifu.

Ikaingia meseji kutoka kwa mama mmoja tunayeimba naye kwaya. Picha yake, jina lake. "Mwanangu, nimekosea nimetuma namba sita kwenye simu yako, naomba unirudishie haraka." Na kweli, namba sita zilikuwa zimeingia kwa meseji ya kawaida. Kijana akajibu, na jibu hilo nimelihifadhi mpaka leo: "Shikamoo mama. Ndiyo zimeingia, hizi hapa." Akaziandika zote sita bila kukosea hata moja, akamalizia "asante".

Baada ya dakika chache WhatsApp ikafunga. Yule mama wa kwaya alikuwa ameibiwa ya kwake siku iliyotangulia, na mwizi ndiye aliyekuwa akiandika. Zile namba sita ndizo WhatsApp inazotuma kuhakikisha kwamba mwenye laini ni wewe. Ukimpa mtu, umempa akaunti.

Kabla ya saa kumi wateja wangu walishapata ujumbe kutoka kwangu: nimekwama, mgonjwa yuko hospitali, nisaidie, kesho asubuhi narudisha. Mmoja alituma elfu hamsini, mwingine thelathini. Jina lililotokea kwenye namba ya kupokelea halikuwa langu, lakini wakaona ni la daktari au muuguzi. Wa tatu alinipigia. Huyo ndiye aliyeokoa wengine wote, maana kwa kunipigia tu nikajua.

Kurudisha akaunti si kugumu kama wanavyotisha vijana wa kutengeneza simu, ambao mmoja alitaka elfu ishirini. Niliifuta programu, nikaipakua upya, nikaandika namba yangu, namba sita mpya zikaja kwenye laini yangu, nikaziingiza. Hapo hapo mwizi akatolewa. Tatizo ni kwamba alikuwa ameshaweka neno lake la siri la tarakimu sita, na ukikutana na hilo unasubiri siku saba ndipo uingie bila hilo neno. Siku saba za Desemba! Niliwapigia wateja mmoja mmoja, nikawaandikia meseji za kawaida. Vipimo viko kwenye daftari, sijawahi kuacha daftari, mafundi wenzangu msiache daftari. Namba ya tapeli niliituma 15040, ile ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano, ya kuripotia matapeli, nikapiga na *106# kuona kama kuna laini nyingine iliyosajiliwa kwa kitambulisho changu. Wale wawili waliotuma pesa niliwashonea bure, mmoja magauni mawili na mwingine sare za watoto watatu. Hawakudai. Niliona ndivyo inavyopasa.

Usiku ule nilimkalisha mtoto. Nilikuwa nimeandaa maneno makali. Nikamwuliza kwa nini. Akalia, akasema, "Mama, alikuwa mtu mzima. Nilimwamkia, akaniomba, nikampa."

Sikuwa na la kumjibu. Hivyo ndivyo nilivyomlea. Mtu mzima akikutuma, unakwenda. Akikuomba, unampa kwa mikono miwili. Usiulize maswali mengi kama askari. Kwenye kihamba cha bibi yake, yaani shamba la ukoo, adabu hiyo ni ulinzi, kwa sababu anayekutuma unamwona uso, unajua ni wa ukoo gani, na akikutuma pabaya atasemwa. Kwenye simu adabu ile ile ndiyo mlango. Mtoto huyu alijua kusoma mchoro wangu wa siri kwenye vumbi la chaki, lakini hakuna aliyewahi kumwambia kwamba picha na jina havitoshi kumfanya mtu kuwa mtu mzima. Hakuna, pamoja na mimi.

Na nikakumbuka sisi tulivyoingia humu. Tulianza na vocha za kukwangua, tukibipu ili tupigiwe. Nilijifunza kuandika meseji kabla sijajua kuna intaneti. M-Pesa ilipokuja 2008 nilisimama kwa wakala nikirudia hatua moja moja, nikakosea, nikaelekezwa na watu waliosimama nyuma yangu. Kila kitu kilikuja na woga wake, tukakizoea, kikaja kingine. Mwanangu alivikuta vyote vimeshawashwa. Hakuna siku hata moja aliyowahi kusimama akauliza hiki ni nini na nani yuko upande wa pili.

Basi nikaacha kufunga simu, nikaanza kufundisha. Simu ina saa zake, jioni hadi saa mbili, kisha inalala kabatini kwangu, hilo halina majadiliano. Lakini jambo kubwa lilikuwa hili: kuamkia ni lazima, kutoa si lazima. Akiombwa kitu chochote kwenye simu, namba, pesa, picha, jina la shule, anajibu "Shikamoo, nitakupigia," kisha anapiga kwenye namba tuliyonayo sisi, si ile aliyopewa, na anasikia sauti. Mtu mzima wa kweli hatakasirika kupigiwa. Tulirudia maneno hayo kwa mdomo kama anavyorudia jedwali la kuzidisha, kwa sababu niliona tatizo lake halikuwa akili. Mdomo wake haukuwa na sentensi ya kumkatalia mkubwa kwa heshima.

Kisha nikamjaribu. Nilimwomba dada yangu wa Arusha atumie laini ambayo mtoto haijui. Wiki ya tatu hivi akaandika: "Habari mwanangu, mimi ni mwalimu wako mpya wa taaluma. Nahitaji jina kamili la mama na namba yake ya NIDA kwa ajili ya usajili wa mtihani." Kijana akaja mbio, akachukua kitambulisho changu kwenye pochi, akaanza kunakili. Nilimwacha mpaka tarakimu ya mwisho, kidole kikielekea kutuma, ndipo nikamshika mkono. Alipoambiwa ni shangazi yake alikasirika siku nzima, nami sikumwomba radhi. Neno "mtihani" ndilo lililomwangusha. Tangu hapo tuna daftari la meseji za wizi, kuanzia ile inayojulikana nchi nzima ya "ile pesa itume kwenye namba hii". Ananakili meseji, anapigia mstari lile neno linaloharakisha moyo: haraka, mgonjwa, umeshinda, mwisho leo. Kwenye akaunti yangu ameniwekea mwenyewe ule uhakiki wa hatua mbili, yaani neno la siri la tarakimu sita, tarakimu tunazijua watu wawili. Usajili wa alama za vidole upo, laini zisizosajiliwa zilianza kuzimwa tangu Januari 2020, na matapeli bado wanapata laini. Msikae mkidhani serikali imewamalizia kazi.

Jaribio la pili lilikuwa la sauti. Dada alimtafuta kijana mwenye sauti nzito, akapiga: mimi ni mjomba wako wa Mwanza, nimepoteza simu. Mtoto akaamkia vizuri kabisa, akasikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Mjomba, ng'ombe wa bibi anaitwa nani?" Sikumfundisha swali hilo. Alilitunga palepale. Kijana wa watu akabaki anakohoa, na mimi nilisimamisha cherehani nikatoka nje kufuta machozi.

Tukalifanya swali la ukoo mzima, wenye simu janja na wenye vitochi. Likizo iliyofuata kijana alikwenda Uru, akakaa na bibi yake barazani siku mbili akimweleza habari za matapeli. Jina la ng'ombe silitaji hapa kwa sababu bado tunalitumia.

Mwezi uliopita mama yangu alipigiwa. Sauti ya kijana inalia: bibi, mimi mjukuu wako, tumepata ajali Himo, niko hospitali, wanataka laki mbili kabla ya kunitibu. Mama ana miaka sabini na minne. Anasema miguu ilimwisha nguvu, akakaa kwenye kigoda cha kukamulia. Kisha akamwuliza yule kijana jina la ng'ombe.

Simu ikakatwa. Mama akampigia mjukuu wake, akamkuta yupo kibandani ananishikia taa, akamwambia, "Mume wangu, wamenipigia. Sikutoa." Kisha akaniomba mimi simuni, akataka kujua tu kama ile sketi yake ya kwaya itakuwa tayari Jumapili.