Siku moja maishani mwangu: kuhamisha hifadhidata usiku kucha

Wengi hudhani msimamizi wa hifadhidata hubofya "sasisha" kisha akalala. Leo tunatoka PostgreSQL 11, programu ya hifadhidata, kwenda toleo 16, na seva ya zamani yenye mfumo endeshi wa Debian 9 inaachwa kabisa. Mpya ina Debian 12.

Saa tatu asubuhi: diski na viendelezi (nyongeza za PostgreSQL) vinakaguliwa, na muda ambao DNS, inayoelekeza programu kwenye seva, hukumbukwa unashushwa hadi sekunde 60. Basi.

Saa tano bosi anauliza tena kwa nini tusinakili folda ya data tu, yaishe. Kwanza, toleo 16 halisomi folda ya 11. Pili, hata pg_upgrade, zana ya kupandisha toleo bila kupakia data upya, ingetuponza: kuanzia glibc 2.28 (maktaba ya mfumo ambayo PostgreSQL huitegemea kupanga maandishi) mpangilio wa herufi ulibadilika, na Debian 9 ina 2.24. Faharasa za maandishi, yaani orodha za kutafutia rekodi haraka, zilizopangwa kwa utaratibu wa kale zikitafutwa kwa utaratibu mpya, rekodi ipo ila jibu linakuja kwamba haipo. Barua pepe moja inaweza hata kusajiliwa mara mbili, na logi iko kimya. Njia ya pg_dump, inayotoa data yote ili ipakiwe upya, hujenga faharasa upya, ndiyo maana tunakesha.

Saa nne usiku programu zinazimwa. "Tumezima zote," wanasema. pg_stat_activity, orodha ya waliounganishwa kwenye hifadhidata, inasema vingine: kuna ripoti inayojiendesha kila dakika tano, na mwenyewe hajulikani. Inafungiwa mlango kwenye pg_hba.conf, faili la kanuni za nani aingie, mipangilio inasomwa upya, kisha inakatwa kwa pg_terminate_backend, kwa sababu pg_hba.conf haimtoi aliyekwisha ingia.

Tunatumia pg_dump ya toleo 16, maana jipya husoma la kale, la kale halisomi jipya. Ni -Fd -j 8, yaani nakala katika folda, kwa michakato minane sambamba. Watumiaji na manenosiri yao hawamo humo. Wanachukuliwa kwa pg_dumpall --globals-only. Halafu pg_restore inaipakia nakala kwenye seva mpya, nayo -j 8, huku maintenance_work_mem, kumbukumbu ya kujengea faharasa, ikipandishwa hadi GB 2.

Hapo ndipo usiku unaporefuka. Majedwali madogo yanaisha upesi, linabaki moja kubwa. Michakato saba kati ya minane imekaa bure, kwa kuwa data ya jedwali moja hupakiwa na mmoja tu. Simu inaita: "Bado tu? Asilimia ngapi?" pg_restore haitoi asilimia. pg_stat_progress_create_index huonyesha faharasa inayojengwa sasa, si zile zilizo kwenye foleni. Simu inaita tena. Jibu ni lilelile, sauti tu ndiyo imechoka.

Alfajiri: vacuumdb --all --analyze-in-stages inakusanya takwimu upya, kwani takwimu ambazo PostgreSQL huzitumia kuchagua njia ya kujibu maswali hazikuja na data. Ukiiruka, asubuhi kila kitu kitakwenda kwa kusuasua na lawama itaiangukia seva mpya.

Programu ya kwanza kujaribiwa kwenye seva mpya inakataliwa kuingia. Manenosiri yamehama yakiwa yamehifadhiwa kwa njia ya kale, md5, ilhali pg_hba.conf mpya inadai ile mpya, scram-sha-256. Mstari unarudishwa kuwa md5, unaokubali aina zote mbili, mpaka manenosiri yawekwe upya. Seva ya zamani inawashiwa default_transaction_read_only ili isomwe tu bila kuandikwa, haifutwi. Ila rekodi mpya zikishaanza kuingia huku, kurudi kule ni kuzipoteza, kwa hiyo idadi za rekodi zinalinganishwa sasa, kabla DNS haijageuzwa.