Tumaini lenye tarehe

Hapa Goma, mashariki mwa Kongo, ukimwuliza mtu habari siku hizi atakujibu kwa neno moja: "Tuko." Hasemi nzuri wala mbaya. Wengine wanaliona ni jibu la watu waliokata tamaa. Mimi naliona ni jibu la mtu anayejua hesabu: anataja lile alilo na hakika nalo, mengine anayaacha yajulikane yenyewe.

Matumaini makubwa yana kasoro moja, hayana tarehe. Vita itakwisha lini? Barabara itafunguka lini? Kazi itarudi lini? Kungoja jambo lisilo na siku ni kama kusukuma chukudu, kile kigari cha mbao cha magurudumu mawili, yenye mzigo mlimani usiku, hujui mlima unaishia wapi. Miguu haichoshwi na mzigo peke yake, inachoshwa na kutojua. Ndiyo maana, kabla ya kumwambia mtu "jipe moyo", ni afadhali kumwonyesha kitu chenye tarehe. Lenga-lenga, yaani mchicha, kwa mfano, huchukua siku 28.

Tuanze na hiyo, kwa sababu inawezekana hata kwenye kiwanja cha mawe matupu. Lava ya Nyiragongo, volkano yetu, ilipita katikati ya mji Januari 2002 mpaka ziwa Kivu, na mitaa mingi imejengwa juu yake. Jembe halina kazi hapo. Bustani ya hapa ni gunia.

Tafuta gunia la kilo 50, la mchele au la sukari, lisilotoboka chini. La makala (makaa) nalo linafaa ukikung'uta vumbi kwanza. Chagua mahali pake kabla ya kulijaza, maana likishajaa udongo na maji watu wawili hawalinyanyui. Panahitaji jua angalau nusu siku, na pasiwe chini ya ukingo wa bati ambako mvua inamwagika kama bomba. Usiliweke kwenye bonde au shimo lenye mazuku, hewa ya sumu inayotoka ardhini. Hewa hiyo ni nzito, hutulia chini, na hukaa zaidi alfajiri upepo ukiwa haujaamka. Saa hiyohiyo ndiyo watoto hutumwa kumwagilia.

Udongo: ndoo mbili za lita 20 za udongo mweusi, na ndoo moja ya mbolea ya ng'ombe au mbuzi iliyooza. Ongeza konzi moja ya majivu ya mbabula (jiko la makaa), si zaidi. Kwenye mbolea ndipo wengi wanaharibu. Samadi mbichi huendelea kuchemka ndani ya gunia na kuunguza mizizi, kisha mtu anasema mbegu zilikuwa mbaya. Ingiza mkono katikati ya rundo la mbolea. Ukihisi joto, au ukisikia harufu kali inayopanda puani, iache wiki tatu nyingine. Iliyo tayari ni baridi, nyeusi, na inanukia kama udongo baada ya mvua.

Sasa mawe. Chukua kopo kubwa la maziwa ya unga, likate chini ili libaki bomba wazi pande zote mbili. Lisimamishe katikati ya gunia, ulijaze vijiwe vya lava vya ukubwa wa yai, kisha mimina udongo kuzunguka kopo. Udongo ukifika karibu na mdomo wa kopo, livute juu taratibu. Mawe yanabaki yamesimama katikati. Jaza tena mawe, jaza tena udongo, vuta tena, mpaka zibaki sentimita tano hivi juu ya gunia. Nguzo hiyo ya mawe ndiyo kisima cha bustani. Bila hiyo, maji yanaloweka sehemu ya juu tu huku chini pakikauka kama unga. Na vijiwe vya lava vina vitundu vingi, hushika unyevu vizuri kuliko kokoto laini. Jiwe lilelile linalotunyima shamba, ndani ya gunia linageuka mtumishi. (Hilo hunifurahisha kila mara, sijui kwa nini.)

Acha gunia lipumzike siku mbili au tatu, ukilimwagilia, udongo ushuke. Kisha toboa pembeni kwa kisu: safu tatu, ya kwanza sentimita 20 kutoka chini, na kutoka tundu hadi tundu sentimita 20 pia. Matundu ya safu moja yasikae juu ya matundu ya safu nyingine. Yatatoka kama 15. Upana wa vidole viwili unatosha, tundu kubwa hutapika udongo kila unapomwagilia. Humo pembeni panda matembele: kipande cha shina chenye vifundo vinne, viwili ndani na viwili nje. Lenga-lenga zikae juu.

Mbegu za lenga-lenga ni ndogo kama vumbi. Ukizirusha zilivyo zitaangukia pamoja, zibanane, zinyauke shingo zikiwa bado nyembamba. Changanya mbegu za kushika kwa vidole vitatu na konzi ya mchanga mkavu, ndipo unyunyize. Funika kwa udongo mwembamba sana, kisha mwagilia kwa mkono au kwa chupa iliyotobolewa kifuniko. Siku ya 5 hadi ya 7 zinachungulia. Wiki ya pili zipunguze, ibaki nafasi ya vidole vitatu kati ya mche na mche. Ulizong'oa usitupe, ni mboga ya kwanza, hata kama itajaza kijiko tu. Siku ya 28 zinakuwa na urefu wa shubiri moja. Goma iko karibu mita 1,500 juu ya bahari, usiku una baridi, kwa hiyo zikisogea hadi siku ya 35 usishangae. Kata juu ya kifundo cha pili badala ya kung'oa, zitachipua tena.

Maji ni lita tano kwa siku wakati wa kiangazi, nusu kwenye nguzo ya mawe, nusu juu. Bido (dumu) ya maji ina bei, basi tumia yaliyooshea mchele au maharagi, mradi hayana chumvi wala sabuni. Maji ya ziwa yanafaa lakini yana chumvichumvi kidogo. Ukiona utando mweupe juu ya udongo, ngoja mvua iuoshe. Mvua yenyewe ina adabu zake hapa: mlima ukitoa moshi na majivu, maji ya kwanza yanayotoka kwenye bati huwa makali. Yaache yamwagike mpaka paa lisafike, ndipo uweke pipa. Na majani yaliyoangukiwa na majivu yaoshwe mara mbili kabla ya sufuria.

Vidukari wakija, kwaruza kijiko kimoja cha sabuni ya mche, koroga kwenye lita ya maji, nyunyiza jioni chini ya majani, asubuhi suuza kwa maji safi. Kwa mbuzi wa jirani, dawa ni ua tu.

Siku ya 28 inastahili chakula chake, na hapo ndipo sambaza anaingia. Huyu samaki mdogo si mwenyeji wa Kivu. Aliletwa kutoka ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, akalikuta ziwa lenye samaki wachache, na leo mtu akikwambia sambaza ni mgeni unaweza kumcheka. Wavuvi hutoka jioni, mitumbwi mitatu imefungwa pamoja kwa miti, wakiimba ili makasia yaingie majini kwa mkupuo mmoja. Wimbo ule ni chombo cha kazi. Anayeacha kuimba anapoteza mwendo, na mtumbwi unamjua. Sambaza hufuata mwanga wa taa, ndiyo maana mwezi ukiwa mpevu mavuno hupungua: ziwa lote lina taa. Panda gunia lako ukihesabu hivyo, siku ya 28 isiangukie mbalamwezi kali, usije ukanunua kikombe cha sambaza kwa bei ya hasira.

Kukaanga ni rahisi na watu hukosea hata hivyo. Osha, weka chumvi, wachuje maji mpaka wakauke kabisa. Mafuta yawe ya moto kweli: tupa mmoja, akipiga kelele papo hapo, endelea. Weka wachache kwa wakati. Ukimwaga kikombe kizima, mafuta yanapoa na sambaza wanageuka uji. Lenga-lenga zenyewe zichemke dakika chache tu kwa kitunguu na nyanya. Bugali iwe ya moto, na mlango uwe wazi, jirani asije akasema hakuitwa.

Tarehe nyingine ni ya likelemba, mchango wa pesa ambao kila mmoja huupokea kwa zamu. Kila mtu anaijua, lakini wengi wanaipanga kama wakati ule wa zamani. Watu 20 wanaotoa kila juma ni karibu miezi mitano kabla ya wa mwisho kupokea. Katika mji unaoweza kubadilika usiku mmoja, wa ishirini anangoja mvuke. Punguza wawe 8. Kila mmoja akitoa franka 5,000 kila Jumamosi, mpokeaji anaondoka na 40,000, na duara linafungwa kabla ya miezi miwili. Mwenye mke anayekaribia kujifungua au deni la shule apewe nafasi ya kwanza kwa makubaliano, waliobaki wachote karatasi kwenye kikombe. Andikeni zamu ukutani.

Benki zilipofunga milango Goma mwanzoni mwa 2025, watu wengi walihamia kwenye pesa za simu, na hapo ikazuka ugomvi mpya: ada ya kutoa analipa nani? Kubalianeni siku ya kwanza. Noti zilizochakaa nazo ziwe na sheria, ama zote zipokelewe ama hakuna. Kama pesa taslimu ni ngumu, fanyeni likelemba ya vitu: kilo moja ya mchele kila mmoja, au mche wa sabuni. Mchele haukataliwi kwa sababu umekunjwa pembeni. Na msitumiane tu kwa simu mkabaki kila mtu kwake. Kutaneni, hata kwa nusu saa, chai ya tangawizi na mandazi. Nusu ya faida iko kwenye kicheko cha anayepokea, na kicheko hicho hakisafiri vizuri kwa ujumbe.

Kuhusu simu: habari pia zinahitaji saa. Redio asubuhi, redio jioni, basi. Sauti inayotumwa kwenye WhatsApp usiku wa manane iulize mambo matatu: nani anasema, yuko wapi, ni leo au mwaka jana? Ikikosa jibu hata moja, usiipeleke kwa mtu. Ukimpelekea mama yako, hatalala.

Tarehe zinasogea, hilo nalo likubalike. Tamasha la Amani la hapa Goma lilipangwa Agosti 2013, mapigano yakalisukuma, likafanyika Februari 2014. Gunia litakauka ukikimbia juma zima. Likelemba itasimama mmoja akivuka mpaka. Ndiyo sababu ni vizuri kuwa na magunia mawili, la pili lipandwe siku 14 baada ya la kwanza, ili pasipite nusu mwezi bila kitu cha kuvuna.

Na gunia halibebeki, mbegu zinabebeka. Acha mche mmoja wenye afya bila kuukata mpaka utoe suke. Ukisugua suke mkononi na mbegu nyeusi zinazong'aa zikadondoka, likate, likaushe kivulini siku kadhaa juu ya kitambaa, lipige taratibu, pepeta kwenye sahani. Suke moja linatoa mbegu za magunia mengi kuliko uliyonayo. Weka kwenye chupa kavu yenye kifuniko, mahali pasipo jua, na nyingine kidogo zifunge kwenye fundo la kitenge. Andika tarehe kwenye chupa.