Starlet yangu ilivyoacha kuupanda Makongo Juu kwa gia ya kwanza

Wakuu, nina Starlet EP82, gia za mkono, injini 4E-FE ya cc 1331. Barabara ikiwa tambarare haina shida, ikishafika mizunguko elfu nne inakimbia kama ya wizi. Tatizo ni huku chini. Kila Jumamosi natoka Kariakoo na madumu sita ya mafuta ya kupikia, yale ya lita 20, kupeleka dukani kwa mke wangu Goba. Pale kwenye mlima wa Makongo Juu nilikuwa naishia gia ya kwanza, bodaboda aliyepakia abiria mishikaki ananipita huku ananiangalia kwa huruma. Mama Neema hakawii: "Baba Neema, nishuke nisukume?"

Nikaenda gereji bubu moja. Vijana wakaniambia, "Bro, gari haipumui. Ng'oa masega (kile kichujio cha moshi ndani ya ekzosi), piga bomba la ekzosi la inchi mbili na nusu, ea klina weka ile ya koni." Laki tatu na ushee zikaondoka, bado soda. Mlio sasa! Nikiwa bado Chuo cha Ardhi, mtaa mzima wa Goba unajua nakuja (natia chumvi, lakini kidogo). Nilikuwa na kipimo changu: mlimani, gia ya tatu, naanza na spidi 30, mke wangu anashika simu anahesabu sekunde mpaka 50. Kabla ya bomba zilikuwa 9. Baada ya bomba, 11. Nikamwambia amekosea kubonyeza. Turudie. 11 na nusu.

Jamani, injini ndogo ikizunguka taratibu ina moshi kiasi gani wa kujaza bomba la lori? Chukua mpira wa kumwagilia bustani: ukiubana mdomo maji yanaruka mbali, ukiuachia yanadondoka miguuni. Moshi ukikimbia kwenye bomba la wastani unavuta na mabaki yaliyobaki kwenye silinda. Bomba likiwa pana unalegea. Ile koni nayo ilikaa palepale kwenye joto la injini, kwa hiyo kwenye foleni ya Mwenge injini ilikuwa inavuta hewa ya moto, nyepesi, isiyo na kitu. Nikarudisha boksi la zamani la ea klina na bomba la inchi moja na nusu.

Sasa hapa ndipo nilipojiona injinia. Nikaazima tochi ya taimingi, ile ya kuangalia cheche inapiga digrii ngapi kabla pistoni haijafika juu, nikapima: digrii 10, sawasawa. Lakini gari bado nzito. Usiku nikakumbuka, hizi injini kompyuta yake inasogeza cheche yenyewe. Ukipima bila kuizuia, unasoma kazi ya kompyuta, si ya distribyuta (kile kifaa kinachogawa umeme wa cheche kwa silinda). Chini ya boneti kuna kikasha kidogo, ndani ya kifuniko chake kumechorwa majina ya matundu. Inabidi uunganishe TE1 na E1 ili kompyuta iache kusogeza cheche. Waya sina. Nikaingia ndani kimyakimya nikachukua kibanio cha nywele cha mke wangu, nikakikunja kama herufi U, nikachomeka. Alama kwenye puli ikaruka nyuma mpaka digrii 3! Kumbe fundi wa mwisho aliipima bila kuunganisha, akazungusha distribyuta mpaka akasoma 10, akanipongeza, akachukua hela yake.

Nikalegeza boliti, nikazungusha kidogo mpaka 10, nikachomoa kibanio. Sekunde 7. Gharama: kibanio kimoja, na maneno niliyoambiwa asubuhi.

Tamaa ikaniponza. Kama 10 ni tamu, 15 je? Kufika mlimani na mzigo, injini ikaanza kugonga, sauti ya changarawe kwenye kopo. Hiyo sauti ukiisikia achia mafuta hapohapo, vinginevyo utanunua pistoni. Nikarudi 10 nikiwa mpole.

Baadaye ndipo nikakwangua hedi (kile kichwa cha injini kinachofunika silinda), nusu milimita tu, mgandamizo uongezeke, na fundi wa kulehemu Ilala akanikunjia ekzosi ya mabomba manne: la silinda ya 1 na la 4 yanakutana, la 2 na la 3 yanakutana, halafu yote yanakuwa moja. Usikubali yakutanishwe hovyo, fuata mpangilio wa silinda kuwaka, 1-3-4-2. Gasketi ya hedi nilinunua Gerezani, usichukue ya bei ya kutupa. Yote kwa pamoja yalikula kama laki nne hivi, sikuandika. Mgandamizo ukiongezeka inakaribia kugonga tena, kwa hiyo taimingi nimeishusha mpaka 8.

Sekunde 5 na nusu. Jumamosi iliyopita nilipanda na madumu sita pamoja na mama mkwe, gia ya tatu kutoka chini mpaka juu, Mama Neema akanyamaza njia nzima. Lile bomba la inchi mbili na nusu lipo uani, amelifunga kamba anaanikia nguo.